Ramani ya Mji wa Kale Iliyogeuzwa Menyu

Katika masika yaliyopita, wakati ambapo wageni huwa wachache mjini Mombasa, kikundi kidogo cha watembeza wageni wa Mji wa Kale kiliniomba nikitengenezee tovuti. Walikuwa na sharti moja ambalo hawakutaka kulilegeza. Ukurasa wa mwanzo usiwe na orodha ya maneno iliyopangwa juu au pembeni, bali uwe na ramani iliyochorwa kwa mkono. Mgeni akigusa Fort Jesus asome habari za Fort Jesus, akigusa Ndia Kuu, Leven House, Msikiti wa Mandhry au Bandari ya Kale, kila mahali pamfungukie palepale. Nilikubali kabla hawajamaliza kueleza, kwa sababu menyu za namna hiyo ndizo zilizonifanya niipende kazi hii tangu nikiwa kijana.

Nilikuwa nikienda saiba moja ya Mwembe Tayari, tukilipa shilingi moja kwa dakika, na picha zilikuwa zikishuka kwenye skrini mstari kwa mstari, kama mtu anayekunjua mkeka polepole. Hizo zilikuwa nyakati za kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009, tulipokuwa tukitegemea setilaiti. Siku moja nilifungua tovuti ambayo menyu yake ilikuwa picha ya chumba: ukibofya kabati unapata jambo moja, ukibofya dirisha unapata jingine. Nilitumia shilingi zangu zote zilizobaki kusoma msimbo wa ukurasa ule, yaani maagizo yaliyoujenga, ili nijue picha moja imewezaje kuwa na milango mingi, na nilitoka pale nimeelewa nusu tu.

Nusu ya pili niliielewa baadaye. Kivinjari cha Mosaic kilipoanza kuweka picha ndani ya maandishi mwaka 1993, kivinjari chenyewe hakikujua mtu amebofya nini juu ya picha. Kazi yake ilikuwa kupeleka kwa seva, ile kompyuta inayohifadhi kurasa, namba mbili, ya umbali kutoka kushoto na ya umbali kutoka juu, na seva ndiyo iliyotazama faili lake na kuamua ukurasa gani urudishwe. Msomaji hakuwa na namna ya kujua kiungo kitampeleka wapi kabla ya kubofya. Baadaye kazi hiyo ilihamishiwa kwenye kivinjari, na toleo la 3.2 la HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, lililoidhinishwa mwezi wa Januari 1997 na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, lilikuwa na tagi, yaani alama za msimbo, za map na area ambazo tunazo mpaka leo. Tagi ya area inakubali maumbo matatu: mstatili, ambao huandikwa kwa namba nne, duara, ambalo huandikwa kwa namba tatu, mbili za kitovu na moja ya nusu kipenyo, na umbo la pembe nyingi, ambalo huandikwa kwa jozi za namba, kila kona na jozi yake.

Hiyo ndiyo njia niliyoichagua mwanzoni, kwa kuwa ndiyo niliyoijua na kuipenda. Msikiti nilitosheka kuuwekea mstatili. Fort Jesus haikukubali. Ngome hiyo, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ina buruji nne zinazochomoza nje kwenye pembe zake, na kuta zinazoingia ndani na kutoka tena, kiasi kwamba ukiitazama kutoka juu wengi husema inafanana na mtu aliyelala chali. Ukiizungushia mstatili, unachukua na kipande cha bahari, na kipande cha barabara, na mgeni anayegusa maji anapelekwa ngomeni. Basi nilikaa usiku kucha nikiweka nukta kwenye kila kona, nikisoma namba na kuziandika, mpaka nikafikisha jozi 31. Nilipopitisha kipanya juu ya ngome, mshale ukawa mkono mara tu ulipogusa ukuta na kurudi kuwa mshale mara tu ulipoingia baharini. Nilifurahi sana.

Picha yenyewe ilikuwa na upana wa pikseli, yaani nukta za kioo, 1,200 na uzito wa megabaiti 1.4. Majina ya mahali sikuyaandika juu ya ramani, kwa kuwa nilitaka ramani ibaki safi. Jina lilikuwa likitokea pale tu kipanya kinapopita. Kwenye kompyuta yangu ya mezani palikuwa hapana kasoro.

Niliipeleka tovuti kwa wenyewe siku ya Ijumaa baada ya sala. Walikuwa wamekaa barazani, na mkubwa wao, mzee ambaye sote twamwita ami, ambaye ametembeza wageni tangu kabla mimi sijazaliwa, hakungoja niwashe kompyuta. Alitoa simu yake mfukoni, akaniambia nimwandikie anwani, akaisogeza mbali kidogo na macho, kisha akagusa Fort Jesus. Ukafunguka ukurasa wa msikiti. Akarudi, akagusa tena kwa uangalifu zaidi, ukafunguka ukurasa uleule.

“Mwanangu,” akasema, “mbona nagusa Ngomeni, yanipeleka msikitini?”

Ningependa kulieleza kosa hili kwa urefu, kwa sababu naliona likirudiwa mpaka leo katika tovuti za watu wenye bidii. Namba zinazoandikwa kwenye tagi ya area hazipungui picha inapopunguzwa. Ramani yangu ya pikseli 1,200 ilibanwa ili itoshe kwenye simu yenye upana wa pikseli 360, yaani ilibaki asilimia 30 ya ukubwa wake. Nukta iliyokuwa pikseli 900 kutoka kushoto na 400 kutoka juu sasa ilionekana kwenye pikseli 270 na 120. Ami aligusa hapo, pale ambapo jicho lake liliiona ngome. Kivinjari, ambacho hakioni picha bali kinasoma namba, kikaenda kwenye orodha yangu na kukuta kwamba pikseli 270 na 120 ziko ndani ya mstatili wa msikiti. Kidole kilisema kweli, na picha ilisema kweli. Namba zangu ndizo zilizokuwa za ramani nyingine, ile kubwa iliyobaki kwenye meza yangu.

Kosa la pili lilijitokeza hapohapo. Kijana mmoja wa kikundi aliuliza kwa nini mahali hapana majina. Nikamweleza kwamba jina hutokea kipanya kinapopita juu yake, na nikiwa katikati ya maelezo nikatambua kwamba hapakuwa na kipanya hata kimoja pale barazani. Kidole hakielei juu ya kioo. Ama kimegusa ama hakijagusa. Simu nyingine huuchukua mguso wa kwanza kama kupita kwa kipanya na mguso wa pili kama kubofya, lakini mtu asiyeambiwa hayo atagusa mara moja, ataona hapajafunguka kitu, naye ataondoka.

Nilirudi nyumbani nikiwa na huzuni, na nikakumbuka menyu nyingine niliyoitengeneza mwaka 2008 kwa ajili ya hoteli moja ya pwani ya kaskazini. Hiyo niliijenga kwa Flash, programu ya kutengeneza michoro inayotembea kwenye wavuti. Ilikuwa na samaki wanaoogelea, na kila samaki alikuwa kiungo. Simu za iPhone hazikuwahi kuionyesha hata siku moja, na Adobe, kampuni yenye Flash, ilipoacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, kisha kuanzia tarehe 12 Januari 2021 ikazuia kabisa faili zake zisichezwe, ukurasa ule ulibaki mraba wa kijivu. Wenye hoteli hawakupoteza pambo peke yake. Kwa kuwa viungo vyote vilikuwa ndani ya lile faili, walipoteza njia ya kuzifikia kurasa zao wenyewe, ilhali kurasa zilikuwa bado zimo kwenye seva, nzima, kama vyumba vya nyumba iliyozibwa mlango.

Jumapili iliyofuata nilimsindikiza mama Biashara Street kununua leso za harusi ya binamu yangu. Muuzaji alikuwa akizitandaza moja baada ya nyingine, na niliona kwamba mama hashughuliki sana na pindo wala mji wa leso, hata ule uliopendeza rangi. Macho yake yalikuwa yakishuka moja kwa moja kwenye jina. Leso moja nzuri mno aliirudisha kwa sababu jina lake halikumfaa bibi harusi, akachukua nyingine ambayo mimi ningeipita bila kuitazama. Nilisimama pale nikafikiria ramani yangu. Nilikuwa nimeitia pindo na mji, jina nikalificha, wakati jina ndilo linaloifanya leso iseme na mtu. Hapo nikaamua nianze upya, na nianze na maneno.

Kwa hiyo toleo la pili lilianza bila picha yoyote. Niliandika orodha ya kawaida ya viungo, mahali 14, kila pahali na jina lake kamili, ndani ya tagi ya nav inayoieleza mashine kwamba hii ndiyo menyu. Orodha hiyo inafunguka kwenye simu ya bei ndogo kabisa na kwenye kivinjari cha zamani. Juu ya msingi huo ndipo nilipoirudisha ramani, safari hii kwa SVG.

SVG ni kiwango cha W3C cha kuchora picha kwa mistari, tangu mwaka 2001, na uzuri wake kwa kazi hii ni kwamba picha yenyewe ni maandishi. Badala ya kuhifadhi rangi ya kila nukta, faili linaeleza mistari: anzia hapa, nenda pale, pinda, rudi. Kwa kutumia sifa iitwayo viewBox unakitangazia kivinjari kwamba karatasi yako ina upana huu na urefu huu, nacho huikuza au kuipunguza pamoja na kila kilichomo. Ukuta wa ngome unaoonekana na ukuta wa ngome unaoguswa ni mstari mmoja uleule, kwa hiyo haviwezi kuachana. Kila mahali nilipazungushia tagi ya kiungo, ileile ya herufi a inayotumika kwenye maandishi. Niliichora kwa Inkscape, programu ya bure, kisha nikaondoa tarakimu nyingi za desimali ambazo programu za kuchora hupenda kuziacha, na faili likashuka mpaka kilobaiti 38. Tahadhari moja kwa atakayejaribu: SVG ikiingizwa kwenye ukurasa kwa tagi ya img, viungo vilivyomo ndani yake havifanyi kazi. Njia niliyoitumia ni kuandika msimbo wake ndani ya ukurasa wenyewe.

Majina sasa yameandikwa juu ya ramani, daima, kama maandishi halisi na si kama michoro ya herufi. Faida moja sikuitarajia. Kikundi kinapokea Wajerumani na Waitaliano wengi, na kwa ramani ya zamani ingebidi kuchora picha mpya kwa kila lugha. Kwa hii, nabadilisha maneno tu.

Vichochoro vilinisumbua kuliko majengo. Mji wa Kale ni mji wa njia nyembamba, na kwenye kioo cha simu kichochoro kilikuwa na unene wa pikseli sita. WCAG 2.2, mwongozo wa kuzifanya tovuti zitumike na watu wote, wakiwemo wenye ulemavu, uliotolewa Oktoba 2023, unataka kitu cha kuguswa kisiwe chini ya pikseli 24 kwa 24, na kiwango cha juu zaidi kinataka 44 kwa 44. Kunenepesha vichochoro kungeharibu ramani, maana mji wenyewe haukujengwa hivyo. Nilichofanya ni kuchora kila kichochoro mara mbili ndani ya kiungo kimoja: mstari wa kwanza ni mwembamba na una rangi, ndio unaoonekana, wa pili unapita palepale, una unene wa pikseli 28, lakini hauna rangi kabisa. Jicho linaona njia ya Mji wa Kale ilivyo, na kidole kinapewa nafasi inayokitosha.

Rangi nazo zilirekebishwa barazani, si mezani. Bahari nilikuwa nimeipaka rangi ya feruzi na kuandika juu yake kwa nyeupe, na ndani ya nyumba ilisomeka vizuri. Saa saba mchana, kwenye jua la Mombasa, maneno yalitoweka. Nilipopima, uwiano wa mwangaza kati ya herufi na bahari haukufika hata 3 kwa 1, wakati mwongozo unataka 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Bahari ikawa ya buluu nzito. Ami alisema sasa ndiyo bahari ya kusi, na mimi nikaona ni sifa.

Aliyenifundisha zaidi ni jirani yetu mmoja wa Majengo, kijana asiyeona tangu utotoni, ambaye hutumia simu kwa TalkBack, ile programu inayomsomea kilichoko kwenye kioo. Nilimpa kwanza toleo la zamani. Kwa kuwa sikuwa nimeweka maandishi mbadala kwenye tagi za area, simu ilimsomea anwani za kurasa, herufi na mistari na namba, moja baada ya nyingine, mpaka akaizima. Kwa toleo jipya ilisema: “Fort Jesus, kiungo.” Kisha: “Soko la samaki, kiungo.” Kisha: “Leven House, kiungo.” Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza kwa upole, “Kaka, hii ndiyo njia mnayopita? Maana hapa naona narukaruka.”

Alikuwa amegundua jambo ambalo mtu anayeona hawezi kuligundua kwa urahisi. Anayetazama ramani huziona sehemu zote kwa mara moja, lakini anayesikiliza, na vilevile anayetumia kibodi kwa kubonyeza Tab, huvipata viungo kimoja kimoja, na utaratibu wake ni ule vilivyoandikwa ndani ya msimbo, si ule vilivyokaa kwenye picha. Mimi nilikuwa nimeviandika kwa utaratibu niliochorea. Nilikwenda kwa ami nikamwomba anitajie mahali 14 kama anavyowapitisha wageni. Hakufikiri hata kidogo: waanza Ngomeni asubuhi kabla jua halijawa kali, washika Ndia Kuu, wapita msikiti, kisha wateremka kwenda Bandari ya Kale. Nikaupanga upya msimbo wote kwa mdomo wake. Leo anayebonyeza Tab kwenye ukurasa ule anatembezwa na ami, na duara la rangi ya machungwa, linaloonyesha kiungo alichofikia, linasogea kutoka mahali mpaka mahali kwa mpango uleule ambao yeye amewapitisha wageni kwa miaka mingi. Katika kazi yote hii, hicho ndicho kipande ninachokithamini kuliko vingine, ingawa wageni wengi hawatajua kwamba kipo.

Kuhusu menyu ndogo zinazofunguka ndani ya menyu kubwa sina mengi. Nimeweka moja tu, ya bei na saa za kazi, na inafunguka kwa kugusa kitufe, si kwa kupitisha kipanya. Kitufe kinaitangazia programu ya kusoma skrini kama kimefunguka au kimefungwa, na ukibonyeza Esc kinajifunga. Ile ishara ya mistari mitatu, aliyoibuni Norm Cox kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star ya mwaka 1981, nimeitumia kwenye simu, lakini kando yake nimeandika neno “Menyu”. Nilipowaonyesha wazee ile mistari peke yake, mmoja aliniuliza kama ni ngazi.

Tovuti inafanya kazi sasa. Wiki iliyopita ami alikuja kwangu akiwa na nakala ya ramani niliyomchapia kwenye karatasi, na juu yake alikuwa amechora kwa penseli vichochoro vitatu ambavyo mimi sikuviweka, kwa sababu sikuviona kwenye ramani yoyote niliyoitumia. Kila kimoja kina jina lake, na majina hayo sijapata kuyaona yameandikwa. Kwa upande wangu kazi ni ndogo: mistari miwili kwa kila kichochoro, mmoja wa kuonekana na mmoja wa kuguswa, jina juu yake, na mstari mmoja zaidi kwenye orodha, pale panapostahili katika mwendo wake. Lakini penseli yake haikunionyesha vinapinda wapi, nami sitaki kuvikisia. Tumekubaliana kwamba kesho baada ya alasiri tutavipita vyote vitatu kwa miguu, yeye mbele na mimi nyuma na daftari.